Salamu Tulizozikata

Mmeniambia niandike, vijana wa maktaba, nami naandika. Ila msitegemee hotuba. Shule niliishia darasa la nne, na niliyoyajua kazini niliyajua kwa kuyashika mikononi, kwa hiyo nitayasema hivyo hivyo. Mishahara na vyeo siviandiki. Mshahara wa chuo mnaujua wenyewe, na cheo changu cha mwisho mlikiandika ninyi kwenye keki ya kuniaga, mkakikosea.

Nilianza maktaba nikiwa mfagizi. Nilikuwa nimetoka Iringa kumfuata mume wangu, ambaye naye aliacha kazi kiwanda cha karatasi Mgololo akaja Mbeya kutafuta maisha. Tukapanga chumba mtaa wa Soweto, na Soweto ndiko niliko hadi leo, ingawa mume sina tena. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, dekio, na ufunguo wa chumba cha chini ambacho wenzangu wote walikuwa wamekikataa. Nilipokifungua nikaelewa kwa nini. Maboksi yalikuwa yamepandana mpaka darini. Madodoso yaliyojazwa na wakulima, daftari za mvua, picha, kanda za sauti, vyote vimelala pamoja na panya. Walimu wa chuo walikuwa wakishatoka kwenye utafiti, wakishaandika maandiko yao, wanaleta masalia pale kama mtu anavyotupa maganda ya ndizi akishashiba.

Mimi nilijua kufagia tu. Nikawa nainua boksi, nafagia chini yake, nalirudisha palepale, uso wake ukitazama ulikokuwa unatazama. Mkuu wa chumba kile alikuwa Mzee Anangisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mrefu mwenye koti moja la miaka yote. Akaja akasimama mlangoni. Akaniuliza kwa nini sikuyapanga kwa ukubwa yakapendeza. Nikamjibu si yangu, aliyeyaweka hivyo labda alikuwa na sababu. Hakucheka. Akasema, "Kesho usije na ndoo." Nikajua nimefukuzwa. Nilitembea mpaka nyumbani nalia, nikamwambia mume wangu nimeharibu kazi kwa mdomo. Kesho yake nilikwenda bila ndoo, kuomba msamaha, akanipa penseli.

Penseli hiyo ndiyo kazi yenyewe, vijana. Wino ukikutana na unyevu wa Mbeya unakimbia, na miezi ya mvua yetu mnaijua. Risasi ya penseli haikimbii. Pini za chuma zitoeni zote, zina kutu, na kutu inakula karatasi kuliko mchwa. Ukungu usiufute kwa kitambaa kilicholowa, utausambaza. Uache karatasi ikauke kwenye hewa, halafu tumia brashi laini ya kupakia rangi, na funika pua. Kanda ikilegea, usiitie kwenye mashine. Chomeka kalamu yenye pembe kwenye jicho lake, uzungushe taratibu kwa mkono mpaka ikaze. Najua kanda hamzioni tena. Naandika tu, maana na hizo flashi zenu siku moja kuna mtu atauliza zilikuwa zinashikwaje.

Lakini Mzee Anangisye alikuwa na jambo moja aliloliweka juu ya mengine yote. Alisema kutunza ni nusu, nusu nyingine ni kueleza. Siku moja alinituma soko la Mwanjelwa nimletee debe la kupimia mahindi, la kuazima. Yeye alikuja na la kwake kutoka Tukuyu. Akajaza la Tukuyu mahindi, akayamimina kwenye la Mwanjelwa. Halikujaa. Wale wauzaji walikuwa wameligonga kwa ndani mpaka tumbo limetoka, kwa sababu lilikuwa debe la kununulia. La kuuzia wanalo jingine. Akanionyesha dodoso, mkulima kasema amevuna madebe sita. Akaniuliza, sita ya wapi? Ya kununulia au ya kuuzia? Ya kufuta juu au ya kilima? Dodoso halikuwa na jibu. "Basi," akasema, "namba isiyo na debe lake ni uvumi." Tangu siku hiyo kila boksi lililopita mikononi mwangu lilipata karatasi yake ya maelezo: nani alikusanya, wapi, lini, kwa kipimo gani, kwa lugha gani, nini kinakosekana. Kama hatukujua, tuliandika hatujui. Mzee hakuona aibu kuandika hatujui. Aibu yake ilikuwa kubuni.

Nawaelezeni haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Kwa nitakayosema sasa mngeweza kumdhania mzembe, na hakuwa mzembe.

Katika maboksi yale kulikuwa na kanda za utafiti wa mbegu. Watafiti walikuwa wamezunguka vijiji vya Iringa na Mbeya, wakawahoji akina mama jinsi wanavyotunza mbegu za maharage na jinsi wanavyovuka miezi ya njaa. Waliwaahidi kwamba majina yao hayataandikwa popote, na ahadi hiyo waliitimiza. Kila mama alipewa namba. Kwenye kasha la kanda utakuta namba na kijiji, basi. Mahojiano yalikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu watafiti hawakujua Kihehe wala Kisafwa.

Kompyuta zilipokuja, wafadhili wakatoa fedha za kuzihamisha kanda. Nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ndogo wakati ule, sauti inakula nafasi, na muda tuliopewa ulikuwa mfupi. Sasa mnajua watu wetu. Huwezi kuingia uani kwa mtu kule Kilolo, Iringa, ukaanza kumuuliza maharage. Kwanza ni kamwene, salamu yetu ya Kihehe, na kamwene hiyo haiishi leo. Unaulizwa umetokaje, wa kwenu hawajambo, wewe ni wa ukoo gani, mwiko wa ukoo wenu nini. Naye anakutajia wake, yeye ni mtoto wa nani, kaolewa kwa nani. Halafu mnakaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi. Halafu kuku anafukuzwa, mtoto analia ananyonyeshwa. Mtafiti yeye alikwishabonyeza kitufe tangu getini, mkalimani wa kijiji anaitikia kwa niaba yake, na kanda inazunguka. Upande mzima wa kanda unaweza kuisha hujasikia neno maharage.

Mzee Anangisye akakaa na watu wa mradi, wakakubaliana kuanza pale swali la kwanza linapoanza. Salamu zikatwe. Vilio vya watoto na vurugu za kuku navyo vikatwe, wasikilizaji wasisumbuke. Vijana wa mashine wakaifanya kazi hiyo chumba cha pili, mimi nikiwa huku nasafisha kanda nawapelekea. Hakuna aliyeona ubaya. Wafadhili walisifu sauti zilivyo safi. Kanda zenyewe zikakaa kidogo, halafu chumba kikahitajika kwa kompyuta mpya, zikapakiwa kwenye gari la taka. Mzee alizipigia mstari kwenye orodha kwa penseli yake mwenyewe.

Mtu aliyejua kuuliza debe la wapi hakuuliza mama wa wapi. Nimelifikiria sana hilo tangu nimekaa nyumbani. Nadhani ni kwa sababu salamu kwetu ni kama hewa. Nani anaandika kwenye maelezo kwamba chumbani kulikuwa na hewa?

Mzee alistaafu, na baadaye tukamzika Tukuyu kwenye mvua isiyokatika. Mkaja ninyi na mfumo wenu wa kujaza visanduku kwenye skrini. Nilinung'unika, mnakumbuka, lakini nilijifunza, kwa kidole kimoja. Visanduku vilikuwa maswali yaleyale ya Mzee, ila sasa rangi nyekundu inawaka ukiacha wazi.

Mwaka wangu wa mwisho ndio aliokuja Atupele. Yule aliyekuja kaunta na mfuko wa vitenge, mkamwambia maktaba si mahali pa kuuzia. Hakuja kuuza. Ana kibanda Mwanjelwa, alikuwa amepitia tu. Mama yake, Skolastika, alikuwa wa kijiji kimoja cha Kilolo. Alifariki Atupele akiwa bado ananyonya, na baba, ambaye alikuwa dereva, akamleta mtoto Mbeya kwa ndugu zake. Kakulia kwa Wanyakyusa, Kihehe hajui hata cha kuombea maji. Picha ya mama yake hakuna. Lakini msiba mmoja wa huko ujombani, mama yake mkubwa akamwambia kwamba kabla mama hajafa walikuja watu wa chuo na redio, wakamkalisha Skolastika wakamhoji, naye Atupele akiwa mgongoni.

Aliniambia haya amesimama, hakutaka kiti. "Bibi, mimi sijawahi kumsikia," akasema. "Nataka nimsikie tu. Hata kama anaongelea maharage."

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo chetu, Dokta, kijana mwenye huruma lakini mwoga wa sheria, na sheria ina haki yake. Akasema kusikiliza hapa ndani ruksa. Kutoka na nakala, hapana, mpaka ijulikane kwa hakika kwamba anayeongea ni mzazi wake. Wale akina mama waliahidiwa, na ahadi haifi na mtu. Nikakubali. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Kijiji kile kilikuwa na sauti saba za wanawake. Atupele akavaa visikilizio akazisikiliza zote. Mimi nilikuwa namtazama uso. Kila sauti mpya ikianza, uso unafunguka. Ikifika katikati unajifunga. Zote saba zinaanza na swali lilelile, wewe mbegu zako unatunzaje, na majibu ni ndugu: tunachanganya na majivu, tunatundika juu ya moshi, tukizidiwa tunakopa kwa jirani. Hakuna jina, hakuna ukoo, hakuna mtoto anayelia. Mahali alipokuwa analia Atupele tulikuwa tumepasafisha.

Akaniuliza kanda zenyewe ziko wapi. Nikamwambia zilitupwa. Akauliza nani alizitupa, nikasema sisi. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei.

Wazo la kumleta mama yake mkubwa lilikuwa langu, na nililitoa kwa moyo mweupe. Nilijua dada humjua dada hata gizani. Basi likamleta yule mama kutoka Kilolo, mzee kuliko mimi, magoti mabovu, vijana wawili wakamshika kupanda ngazi zetu. Tulipeana kamwene mpaka mwisho, Wahehe wawili, ukoo kwa ukoo, tukakuta bibi zetu waliolewa karibu. Atupele amekaa katikati anatabasamu bila kuelewa kitu. Nikazima visikilizio nikafungulia spika ili tusikie wote.

Sauti ya kwanza mama akainamisha kichwa. Ya pili, ya tatu. Kufika ya nne akaniomba nisimamishe. Akaniambia kwa Kihehe, polepole, kama anasimulia habari za shambani ili mtoto asishtuke, kwamba hamtambui. Alisema, "Mwenzangu, Skola hakuwahi kusema Kiswahili na mimi. Kiswahili alikuwa nacho cha padri na cha mgambo. Hawa wote wanaongea Kiswahili cha mgambo." Nikamwelewa palepale. Mimi mwenyewe nikisema na wakubwa Kiswahili nasikia sauti yangu inapanda kwenda puani, si ya nyumbani. Sauti ya Skolastika, ile ambayo dada yake aliijua, ilikuwa kwenye salamu.

Nikaendelea mpaka ya saba, kwa heshima tu. Ilipokwisha, yule mama akanishika mkono chini ya meza. Akasema, bado kwa Kihehe, "Mpe mmoja. Mtoto huyu hajawahi kuitwa na mama yake. Mpe yeyote, nani atakuja kuuliza?"

Nikautoa mkono taratibu. Akageuka kwa Atupele akamwambia kwa Kiswahili, "Ni yule wa tano, mwanangu. Ndiye mama yako."

Sijawahi kuona mtu akilia vile akiwa anacheka. Aliniomba niirudie ya tano, nikairudia. Mwanamke anasema maharage ya njano hayavumilii kama mekundu. Atupele akawa anasema pamoja naye, neno kwa neno, njano hayavumilii. Akaniuliza kama naweza kuandika jina kwenye kompyuta, Skolastika, ili hata wajukuu wakija waone. Na apewe nakala yake.

Sasa mniambie ninyi mliosoma. Sauti ile ya tano si ya barabarani. Ina watoto wake mahali, Kilolo au Dar es Salaam, ambao nao siku moja wanaweza kupanda ngazi zile. Nikimwandika Skolastika, nimewanyima wao. Na Mzee Anangisye alinifundisha kitu kimoja tu maisha yangu yote, nacho ni kutobuni. Nikafungua ukurasa wa maelezo. Kisanduku cha mzungumzaji. Nikaandika kwa kidole changu kimoja, herufi baada ya herufi, Atupele amesimama begani kwangu anasoma: mwanamke, jina halijulikani.

"Bibi, si amesema ni yeye?" akauliza.

Nikamwambia, "Naandika ninachokijua."

Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake mkubwa, na yule mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Ikatosha. Atupele akachukua mfuko wa vitenge, akamwinua mama kwa kwapa, akasema twende Mama, basi litatuacha. Aliniaga vizuri, shikamoo na yote. Vijana walitaka kumsaidia kwenye ngazi, akasema atamshusha mwenyewe.

Nilichoandika hakikuwa kosa. Ningeulizwa leo ningeandika kilekile. Ila kompyuta ile haikuwa inakimbia. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kusema nitaandika kesho, mama akalala na uongo wake mdogo, mtoto akaenda nyumbani na mama wa siku moja, na kesho yake nikatafuta namna ya kumwambia tukiwa wawili. Hakuna kisanduku chekundu kilichokuwa kinawaka. Nilikuwa na haraka ya kuwa mkweli, na ukweli haukuwa na haraka yoyote.

Baada ya hapo nilimsumbua Dokta mpaka akachoka na mimi. Nikamwambia, kama hatujui ni yupi, basi tunajua ni mmoja katika saba, na hilo nalo ni jambo linalojulikana. Likaandikwe hivyo. Akapeleka kwenye kamati, kamati ikakaa ilivyokaa, na wiki zangu za mwisho ruhusa ikatoka: ndugu wa karibu wa kijiji kile wapewe sauti zote saba, za nyumbani, si za kusambaza. Niliziweka kwenye flashi mwenyewe. Kwenye maelezo nikaongeza sentensi moja, kwamba mwanzo wa kila mahojiano ulikatwa wakati wa kuhamisha, na ndani yake kulikuwa na salamu, majina na watoto. Hiyo sentensi msiifute hata mfumo ukibadilika mara ngapi.

Nikaenda Mwanjelwa. Nilimkuta kwenye kibanda chake anampimia mteja kitenge, fundo la pini mdomoni. Nikasubiri mteja aondoke. Nikampa flashi, nikamweleza kamati imesema nini, kwamba mama yake yumo humo kwa hakika, ila ni saba.

Akazitoa pini mdomoni. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali.

"Niliomba mama mmoja, Bibi. Hao saba nitawapeleka wapi?"

Akanirudishia flashi kwa mikono miwili, kama mnavyomrudishia mkubwa kitu, akamkaribisha mteja mwingine.

Flashi hiyo ipo kwenye droo ya chini ya meza niliyokuwa nakalia, ndani ya bahasha, nimeandika kwa penseli ni ya nani. Akija, mpeni, na msimwulize maswali. Akikawia, msiifute kuwekea vitu vyenu.